Kijiti Nilichosimika Honduras

Mwaka wa 1954 nilikuwa na miaka minane, na huo ndio mwaka taabu zilijua jina langu. Askari walimchukua baba wakampeleka kizuizini. Sisi wengine tulihamishiwa kijiji kilichozungushwa handaki, nyumba zimebanana kama meno. Baba aliporudi, alikuta wapimaji wameshapita kwenye shamba lake. Pale alipokuwa amelima kulikuwa na vigingi, na kila kigingi kilikuwa cha mtu mwingine. Alisimama, akaangalia, akavua kofia, akaivaa tena. Mpaka leo naiona hiyo kofia.

Mimi shule niliiachia darasa la tatu nikaenda kuchuma kahawa ya watu. Kwa hivyo mtu asinisumbue na mwandiko. Naandika kwa sababu nyinyi wa Gakindu hamniachi ninywe chai. Tangu nirudi ni "Mzee Kariuki, ilikuwaje huko?" Nikianza tu kueleza, mzee mwenzangu Gathogo ananikatiza. Sasa haya, Gathogo asome akiwa amefunga mdomo.

Kwa nini nilitoka

Mnamjua mjukuu wangu Kariuki, yule niliyempa jina. Kazi yake ni kuonja kahawa. Anavuta kijiko kwa kelele, anatema, halafu anaambia watu kama ni nzuri, na analipwa kwa hiyo. Kazi hiyo ilimpeleka Honduras, nchi ya kahawa na ndizi kule Amerika ya katikati, na huko akapata mwonjaji mwenzake, msichana anaitwa Marisol.

Baba yake Kariuki, mwanangu Maina, tulimzika. Nyinyi mlikuwepo. Sasa mnajua desturi yetu: mtoto wa kwanza wa kiume wa Kariuki ataitwa Maina. Mimi nataka kumwita huyo Maina kwa jina aje nimshike. Niko karibu miaka themanini, siwezi kungoja kama kijana.

Lakini Kariuki akanipigia simu akasema, "Guka, kuna shida. Marisol alilelewa na cucu, nyanya yake. Bila huyo cucu kumwekea mkono kichwani, hatoki. Na cucu hataki kusikia mambo ya mgeni."

"Umeenda kumuuliza na wazee?"

"Guka, wazee nitatoa wapi Honduras?"

"Nakuja," nikamwambia.

Gathogo alikuwa tuende pamoja. Alipoambiwa ndege itapita juu ya bahari, mguu wake ukaanza kuuma. Mguu huohuo ulikuwa mzima siku ya mnada wa ng'ombe.

Gakindu hadi Sagana

Niliondoka na pikapu ya jirani, nyuma kukiwa na magunia ya viazi. Nilivaa koti la harusi ya Maina. Mkononi nilikuwa na kiondo alichosuka mke wangu Nyambura, ndani yake blanketi jipya na chupa ya asali. Na kijiti cha muringa, nimekikata mwenyewe kando ya mto, nimekifunga kwa gunia lenye maji.

Wale vijana ambao hamjui: zamani, nyumba ya mvulana ikimtaka msichana, wazee walienda kwao wakasimika kijiti langoni. Maana yake, nyumba hii imeulizwa, wengine wangoje. Siku hizi mnapeleka mbuzi na keki na mnasema mmesimika kijiti, lakini kijiti hakuna. Mimi nilisema kama naenda mbali hivyo, naenda na kijiti chenyewe.

Tulipofika mji wa Sagana gari lilipasua gurudumu, na la akiba lilikuwa limeazimwa na shemeji yake dereva. Tukakaa hapo tukingoja. Nilikula samaki wa kukaangwa na ugali, na mama muuzaji akaangalia gunia langu.

"Mzee, hicho ni fimbo ama ni mche?"

"Ni mke."

"Mke wako amekonda hivyo?"

Watu wote wa pale walicheka, nami nikacheka, maana nilikuwa na furaha ya mtoto anayeenda kuona treni mara ya kwanza. Nilifika uwanja wa ndege Nairobi wakiwa karibu kufunga, nikanuka samaki mpaka Ulaya.

Ulaya, walikonipunguzia mzigo

Huko Ulaya tulibadilisha ndege. Askari mmoja msichana alifungua gunia langu. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mwingine mwenye glavu. Walikizunguka kijiti changu kama ni nyoka. Mmoja alijua Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha mnadani, nikamwambia, "Wedding."

Akaniambia kwa upole kwamba mimea haipiti. Asali pia wakachukua. Kiondo walikipitisha kwenye mashine wakanirudishia, na mwenye glavu akauliza nani alikisuka. Nikamwambia ni mke wangu. Akakipapasa, akatikisa kichwa kwa heshima. Hiyo nilimsamehe. Kijiti hapana.

Ndani ya ndege nilijiambia, haidhuru, miti iko hata Honduras. Kumbukeni hayo mawazo, kwa maana ndiyo yaliyonipeleka pabaya.

Panama

Panama mvua ilinyesha kama imekasirishwa na mtu, ndege zote zikakaa chini. Nyinyi mlio hapo nyumbani, fikirini: joto la kuoka mkate, na mimi na koti la sufu. Kando yangu alikaa mzee mweusi kama mimi, jina lake Alfonso. Nikamsalimia kwa Gikuyu, nikidhani nimepata mtu wa kwetu. Akanijibu Kihispania. Tukaangaliana kama watu waliokosana sokoni. Ndipo akajaribu Kiingereza, cha polepole, nami nikashika.

Aliniambia babu yake alitoka visiwa vya Karibi kuchimba ule mfereji mkubwa unaopitisha meli. Wamarekani waliuchimba, wakabaki na ukanda wa ardhi pande zote mbili, kutoka bahari moja hadi nyingine, katikati ya nchi ya watu. Polisi wao, maduka yao, bendera yao. Wachimbaji weusi walikuwa na dirisha lao la mshahara, shule zao, hata bomba lao la maji ya kunywa. Mpanama akiingia huko alikuwa mgeni nchini kwake.

"Mlikuwa na kipande?" nikamuuliza.

"Kipande ni nini?"

"Cheti cha kuning'iniza shingoni kama mbuzi wa maonyesho. Bila hicho hauvuki shamba la mzungu."

Alicheka mpaka akashika kifua. "Kumbe tuko wengi!" akasema.

"Na sasa huo mfereji?"

"Wetu. Tulirudishiwa." Akatoa noti ya dola mfukoni, hizo ndizo wanatumia, akaninyooshea. "Lakini pesa bado zina uso wa mtu wao."

Aliniagizia ndizi za kukaangwa zilizopondwa zikawa bapa kama chapati ndogo. Nzuri sana. Nilimpa pesa? Hapana, sikuwa na kitu, nikampa kofia yangu ya sufu kwa joto hilo. Akaivaa papo hapo. Huyo ni mwanaume.

San Pedro, na mzee wa pili

Kariuki alinipokea San Pedro, mji wa Honduras, akiwa na Marisol. Ni mwembamba, mrefu, macho yake hayaogopi mtu. Alinipa mikono miwili. Nilimpenda mara moja, na Nyambura asisome hapa, lakini anatembea kama mama yangu.

Dereva wa pikapu yao ni jirani yao anaitwa Don Chepe. "Don" ni kama sisi kusema Mzee. Tumbo lake linashika usukani kabla ya mikono.

Nikamwambia Kariuki, "Mwambie Don Chepe kuanzia sasa yeye ni wa ukoo wetu. Mzee mmoja hawezi kuuliza msichana. Mmoja ni mgeni aliyepotea, wawili ndio ujumbe."

Kariuki akatafsiri. Don Chepe akanigeukia, gari likienda. "Kwa hivyo mimi sasa ni Mkikuyu?"

"Wa kuazima."

"Kuna chakula?"

"Kuna mbuzi, mambo yakienda sawa."

"Basi mimi ni Mkikuyu tangu nizaliwe."

Njiani alinionyesha. Ndizi, ndizi, ndizi, halafu michikichi, halafu ndizi tena. Reli zilizoota kutu ndani ya nyasi. Watu wamezing'oa wakafanya nguzo za ua. Akasema zamani kampuni ya Wamarekani ilipewa ardhi hiyo yote kwa ahadi ya kujenga reli. Reli walijenga, ndiyo, lakini ilienda mashambani kwao na bandarini, mji mkuu haikufika hata leo. Bandari yao, duka lao, hospitali yao. Serikali isiyowapendeza haikukaa.

"Na serikali zenu za sasa?" nikauliza.

"Vijana wote wanaenda Amerika kwa miguu," akasema. "Ndizi zilienda kwanza, sasa wanaenda wao."

Los Achiotes

Cucu wa Marisol anaitwa Doña Tencha. Doña ndiyo Mama wa heshima. Anaishi kijiji cha Los Achiotes, nyumba ya mbao iliyo juu ya nguzo, kuku chini, maua mbele. Mdogo wa mwili, nywele nyeupe amesuka mkia mmoja hadi kiunoni. Alinipokea vizuri, siwezi kudanganya. Alinipa chapati ya ngano iliyokunjwa na maharagwe na malai ndani, na nilipomaliza akaniwekea nyingine bila kuuliza, kama tu nyumbani. Kiondo alikipokea, akakinusa. Blanketi akaliweka mbali kidogo.

Kahawa yake ilikuwa nyepesi na sukari nyingi. Nikasema nzuri. Kariuki akanitazama, maana ananijua.

Asubuhi iliyofuata Kariuki na Marisol walienda kununua mbuzi. Mimi niliamka na jua, kama kawaida. Nikachukua panga, nikakata kijiti kizuri kilichonyooka kwenye ua wa Doña Tencha. Nikamwamsha Don Chepe kwenye kitanda chake cha kamba, kwa kuwa lazima mzee wa pili awepo. Hatukuwa na lugha. Nikamwonyesha jiwe, nikamwonyesha kijiti. Yeye alidhani ni cha kufungia yule mbuzi niliyemwahidi, kwa hivyo akapiga kwa nguvu zake zote. Tulikisimika katikati, mbele ya lango. Nikavua kofia ya Kariuki niliyoazima, nikasema maneno kwa Gikuyu, kwa sauti, vile baba alinifundisha.

Doña Tencha alitoka na bakuli la mahindi ya kuku.

Aliona kijiti. Bakuli lilianguka. Alishuka ngazi kama msichana, akakishika kwa mikono miwili, akaking'oa, akakivunja gotini mara mbili. Akanionyesha barabara.

"Fuera!"

Hilo neno halikuhitaji mkalimani. Akapanda, akafunga mlango, komeo nikalisikia. Majirani wakatoka. Kuku tu ndio waliofurahi.

Kariuki aliporudi alishika kichwa. "Guka, umefanya nini?"

"Nimefanya kile baba yangu angefanya."

Marisol alienda kuongea mlangoni, mlango haukufunguka. Akakaa kwenye ngazi, uso ndani ya mikono. Hapo ndipo niliona yule Maina wangu mdogo akienda mbali, mbali kabisa.

Don Chepe alinivuta nyuma ya gari, akaeleza, Kariuki akitafsiri. Baba yake Doña Tencha alikuwa na shamba kando ya mto, mahindi na ndizi zake. Wapimaji wa kampuni walikuja na vijiti vilivyopakwa rangi. Walisimika mchana, wakiwa na tabasamu, wakagawia watoto peremende. Halafu wakaja na askari. Shamba likawa la kampuni, na yeye akawa kibarua kwenye ardhi aliyoilima mwenyewe. Mwaka wa 1954 wafanyakazi wa ndizi waligoma, pwani yote ikasimama, naye alikuwa kati yao. Baada ya mgomo hakupata kazi tena, wala shamba.

"Mzee," Don Chepe akasema, "hapa mgeni hajawahi kusimika kijiti halafu akaenda kwao. Na mimi mjinga ndiye nilikipigilia!"

"Umesema mwaka gani?" nikauliza.

"Elfu moja mia tisa hamsini na nne."

Dirishani

Nilienda nikasimama nje ya ua. Nje, si ndani. Jua lilikuwa kali, sikuvaa kofia. Kariuki akasimama kando yangu, akitafsiri.

"Mama," nikasema, "huo mwaka wa 1954 mimi nilikuwa na miaka minane."

Dirisha halikufunguka, nikaendelea.

"Baba alichukuliwa. Aliporudi alikuta vigingi shambani. Nilimwona akivua kofia na kuivaa. Alikufa akiwa kibarua wa mtu aliyepewa shamba lake."

Dirisha likafunguka kiasi cha kidole. "Tisa," akasema Doña Tencha. "Mimi nilikuwa na tisa."

"Basi wewe ni mkubwa wangu."

"Hilo naona bila kuambiwa." Dirisha likaongezeka. "Nani aliwawekea vigingi?"

"Wazungu Waingereza."

"Peke yao?"

Huyo mama anajua kuuliza. "Kamba ya kupimia," nikasema, "ilishikwa na majirani zetu."

Akafungua dirisha lote. "Hapa pia," akasema. "Hapa pia ilishikwa na majirani. Wajukuu wao bado wananisalimia kanisani."

"Wetu pia. Wanaimba kwa sauti kubwa."

Alicheka, kidogo, kwa pua. Nikaona nafasi, lakini niliona pia nisimdanganye. Nikamweleza kijiti chetu ni nini. Si cha ardhi. Ni cha kusema nyumba imeulizwa. Nyumba ikikubali, kinaachwa. Ikikataa, wenye nyumba wanaking'oa, na upande wa mvulana wanaenda kwao bila ugomvi, na hawarudi.

"Na wewe umeking'oa, Mama. Kwa desturi yetu umeshajibu. Kwa hivyo tunaenda. Asante kwa chakula."

Kariuki alitafsiri mpaka hapo, sauti yake ikakatika. "Guka, usiseme hivyo."

"Desturi si redio, ati unazima ukitaka."

Nikageuka. Haki ya Mungu nilikuwa naenda. Marisol alisimama kwenye ngazi akaanza kumwambia cucu yake maneno ya haraka, haraka, na nilisikia jina la Kariuki ndani yake mara nyingi.

"Wewe mzee!" Doña Tencha aliita. "Mimi nilikataa kijiti. Mvulana sikumkataa. Mvulana sijaulizwa!"

"Kijiti ndicho swali."

"Basi uliza tena."

"Hakisimikwi mara mbili. Mimi siwezi."

Akatoka nje. Akatuangalia wote, mmoja mmoja, Don Chepe akajificha nyuma ya gari. Halafu akainama, akaokota kipande kirefu cha kile kijiti alichokivunja, akakipangusa kwa aproni.

"Wewe huwezi," akasema. "Wewe umesema nyumba ikikubali, kijiti kinakaa. Katika maisha yangu yote wengine wamesimika vijiti kwenye ardhi hii. Mimi sijawahi kusimika hata kimoja. Hiki nitakisimika mimi, kwa mkono wangu, mahali ninapotaka. Langoni hapana."

Akakipeleka karibu na banda la kuku, kwenye udongo laini wenye mbolea. Akachimba kwa kisu cha jikoni, akakidunga, akakanyaga pembeni kwa kisigino. Akamwita Marisol, akamwekea mkono kichwani. Halafu akamwita Kariuki, naye ilibidi apige magoti, kwa urefu wake.

Mimi nilikuwa natazama kando, kwenye mahindi ya watu. Vumbi nyingi huko.

Don Chepe akatokea. "Mbuzi yuko wapi?"

Tulikula mbuzi. Doña Tencha akamkata mwenyewe, akanipa mbavu, akaniambia mambo mawili huku akinielekezea kisu. La kwanza, kijana akimdharau Marisol, yeye hatang'oa kijiti, atang'oa kijana. La pili, "Nikija kwenu, nitasimika changu langoni kwako, na wewe hutakigusa."

"Kuja," nikamwambia.

"Sijauliza ruhusa," akasema.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na maneno, nililala ndege zote. Pale Ulaya sikumwona yule askari msichana. Nyambura alinipokea njiani, Gatitu, nyumbani kwa dada yake, swali lake la kwanza likawa kama walipenda kiondo. Nikamwambia kilinuswa. Akaridhika.

Wiki hii Kariuki amenitumia picha. Kijiti cha pale bandani kimetoa majani. Huo mti wao ukidungwa chini unashika, ndiyo maana wanafanyia ua. Doña Tencha amekizungushia waya ili kuku wasikichokore. Gathogo ameangalia hiyo picha akasema ni mche tu. Gathogo, funga mdomo.

Sasa hesabu yangu mimi Kariuki, niliyeanza na handaki na darasa la tatu. Niko na shamba la kahawa Gakindu, hati kwa jina langu. Niko na ng'ombe wawili na ndama. Nyumba ya mawe, paa la mabati. Kinu cha kusaga unga. Koti moja la harusi, linanuka samaki bado. Mke mmoja, Nyambura. Mjukuu mmoja anayechumbia kwa heshima. Jina moja, Maina, limewekwa linangojea mwenyewe. Mzee mmoja wa ukoo anayeitwa Chepe. Na langoni, upande wa kulia, kuna mahali nimelima nikalainisha udongo nikaweka mbolea, sijapanda kitu, na mtu yeyote asipande.